Saa Ndani ya Prosesa: Historia ya Kupima Kasi na Kuvuja kwa Siri

Kasi na faragha huandikwa katika historia ya kompyuta kana kwamba ni mambo mawili yasiyokutana, la kwanza likiwa kazi ya wahandisi na la pili kazi ya wanasheria na watetezi wa haki. Mgawanyo huo hausimami mtu anapoitazama kwa karibu prosesa, yaani kile kipande kidogo cha silikoni, ambacho wengine hukiita kichakataji, kinachotekeleza amri zote za programu. Tangu mwanzo ubora wa prosesa umepimwa kwa saa, na saa hiyohiyo, ilipokuwa kali kiasi cha kuhesabu mapigo bilioni kadhaa kwa sekunde, ndiyo iliyompa mtu asiyehusika uwezo wa kusoma siri ambazo mwenye kompyuta aliamini zimefungiwa ndani. Wapimaji na wanunuzi walishangilia kila upungufu wa muda bila kuuliza muda huo ulikuwa ukitoboa nini juu ya data iliyokuwa ikishughulikiwa, na gharama ya kutouliza ilianza kulipwa mwaka 2018.

Kompyuta za miaka ya 1950 na 1960 zilijaza chumba kizima, na waliozinunua walikuwa serikali, vyuo vikuu na kampuni kubwa, ambao kwa fedha walizokuwa wakitoa walitaka kujua ni mashine ipi iliyo na kasi kuliko nyingine. Njia ya awali ilikuwa kutaja muda wa amri moja, kwa mfano muda wa kujumlisha namba mbili; lakini programu halisi haijumlishi tu, bali huzidisha, hugawanya, hulinganisha na kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa hiyo mashine iliyo hodari katika kujumlisha ingeweza kuwa goigoi katika mengine yote. Jack Gibson wa IBM alilikabili tatizo hilo kwa kuhesabu kila aina ya amri hutokea mara ngapi katika programu za kawaida, kisha akaipa kila aina uzito wake, na wastani uliopatikana ukajulikana kwa jina lake.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa Uingereza mwaka 1972, ambako Harold Curnow na Brian Wichmann, huyu wa pili akiwa wa National Physical Laboratory, walitunga programu isiyokuwa na kazi nyingine duniani isipokuwa kupimia. Walitegemea takwimu za programu za kisayansi zilizokuwa zimeendeshwa kwa mfumo wa kutafsiri lugha ya Algol, mfumo ambao ulitengenezwa katika kijiji cha Whetstone karibu na mji wa Leicester, na jina la kijiji hicho likakishikilia kipimo chao hadi leo. Mwaka 1984 Reinhold Weicker alitunga kipimo kingine kwa ajili ya programu zisizotumia desimali, akakiita Dhrystone, jina ambalo ni mchezo wa maneno juu ya lile la kwanza, kwa kuwa mwanzo wa Whetstone unasikika kama neno la Kiingereza la kitu kilicholowa na mwanzo wa Dhrystone kama neno la kitu kikavu. Vipimo vyote viwili vilikuwa vidogo, vilienea upesi, na vyote viwili vilikuwa na udhaifu mmoja ambao wauzaji waliugundua mapema kuliko wanunuzi: kwa kuwa kila mtu aliijua programu ya kupimia, ilikuwa rahisi kuiandaa mashine kwa ajili ya mtihani huo badala ya kuiandaa kwa ajili ya kazi.

Mfano wa VAX-11/780, iliyotolewa na Digital Equipment Corporation mwaka 1977, unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kwa zaidi ya miaka kumi mashine hiyo ndiyo iliyokuwa pishi na kibaba cha sekta nzima. Ilisemekana kwamba inatekeleza amri milioni moja kwa sekunde, na mashine nyingine zote zikatangazwa kuwa ni mara 2, mara 5 au mara 10 ya hiyo. Mwaka 1984 Joel Emer na Douglas Clark walipochapisha vipimo vya ndani vya mashine yenyewe, ilionekana kwamba amri moja ilihitaji kwa wastani zaidi kidogo ya mapigo 10 ya saa, na kwa kuwa saa yake ilipiga mara milioni 5 kwa sekunde, hesabu ilitoa amri zisizofika nusu milioni. Kipimo kilichotumika kuzihukumu mashine zote kilikuwa kimepinda tangu mwanzo, ingawa upindaji huo haukumdhuru mnunuzi aliyetaka kulinganisha tu, kwa maana kila mashine ilipimwa kwa kibaba kilekile.

Kutokana na fujo hiyo kampuni za Apollo, Hewlett-Packard, MIPS na Sun zilianzisha mwaka 1988 ushirika unaojulikana kwa kifupi kama SPEC, ambao kazi yake ilikuwa kuchagua programu halisi za kupimia, kuweka kanuni za kuziendesha, na kudai kwamba kila tokeo lichapishwe pamoja na maelezo kamili ya mashine na mipangilio yake. Seti ya kwanza, ya mwaka 1989, ilikuwa na programu 10. Mojawapo, matrix300, ilizidisha majedwali makubwa ya namba, na haukupita muda waandishi wa kompaila, yaani programu zinazogeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa amri za prosesa, wakabuni mbinu ya kuligawa jedwali katika vipande vidogo, mbinu iliyopandisha alama za programu hiyo moja kupita kiasi na kuuvuta wastani wote juu. Katika seti ya mwaka 1992 matrix300 iliondolewa. Kanuni ya SPEC ya kulazimisha maelezo kamili ya mashine ilionekana wakati huo kuwa jambo la makarani, lakini umuhimu wake ulikuja kuonekana robo karne baadaye kwa namna ambayo waanzilishi hawakuitarajia.

Hata hivyo, mnunuzi wa kawaida hakusoma majedwali ya SPEC. Yeye alisoma namba iliyoandikwa kwenye boksi, nayo ilikuwa idadi ya mapigo ya saa kwa sekunde. Megahezi moja ni mapigo milioni moja, na gigahezi moja ni mapigo bilioni moja. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 na haikufika hata megahezi moja. Pentium za kwanza za mwaka 1993 zilipiga megahezi 60 na 66. Na mwezi Machi 2000 AMD na Intel zilivuka gigahezi moja zikipishana kwa siku mbili tu. Namba hiyo ilikuwa na mvuto kwa sababu ilikuwa moja na ilipanda kila mwaka, lakini ilipotosha, maana kasi ya kweli hutokana na mapigo ya saa pamoja na wingi wa kazi inayofanyika katika kila pigo. Pentium 4, iliyotoka Novemba 2000, iligawa kila amri katika hatua nyingi fupi ili saa ipande haraka, na katika kazi kadhaa ikashindwa na Pentium III yenye mapigo machache zaidi. AMD ilijibu mwaka 2001 kwa kuipa prosesa yake ya megahezi 1,533 jina la 1800+, ili mnunuzi asidhani kwamba mapigo machache ni kazi chache. Mwaka 2004 Intel iliachana na mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4, kwa kuwa joto na umeme vilikuwa vimeshinda faida, na mbio za megahezi zikafikia ukingoni.

Katikati ya mbio hizo ndipo faragha ilipotajwa kwa mara ya kwanza mbele ya umma kama jambo linaloihusu prosesa yenyewe. Mwezi Januari 1999 Intel ilitangaza kwamba kila Pentium III itakuwa na namba yake ya pekee, yenye urefu wa biti 96, ambayo programu yoyote ingeweza kuisoma kwa amri iitwayo CPUID, ileile ambayo programu za kupimia huitumia kujua prosesa ni ya aina gani na ina uwezo upi. Lengo lililotajwa lilikuwa kurahisisha biashara ya mtandaoni na kuzisaidia ofisi kujua kompyuta zao ziko wapi. Watetezi wa faragha waliona jambo jingine: namba isiyobadilika na isiyofutika ingeziwezesha tovuti mbalimbali kuunganisha nyayo za mtu mmoja popote alipopita, hata akibadili jina, anwani au programu. Mashirika ya EPIC, Junkbusters na Privacy International yaliitisha mgomo dhidi ya bidhaa za kampuni hiyo. Intel ikaahidi kwamba namba itakuja ikiwa imezimwa na mwenye kompyuta ndiye atakayeiwasha, lakini jarida la Kijerumani la c't likaripoti kwamba programu iliweza kuiwasha bila mwenyewe kujua. Mwaka 2000 kampuni ilitangaza kwamba prosesa zake zitakazofuata hazitakuwa na namba hiyo.

Ushindi huo ulikuwa wa haki, na walioupigania walistahili shukrani. Lakini ulifundisha umma kuitafuta hatari mahali palipo wazi, yaani katika namba yenye jina, tarakimu na kampuni ya kulaumiwa, ilhali katika prosesa ileile ya Pentium, tangu mwaka 1993, kulikuwa na kifaa kingine ambacho hakuna aliyekiandamania: amri ya RDTSC, inayosoma kihesabio cha mapigo ya saa tangu mashine ilipowashwa. Kwa mpimaji wa kasi amri hiyo ilikuwa neema. Mtu huisoma kabla ya kazi, huisoma tena baada ya kazi, hutoa, na kujua kazi imechukua mapigo mangapi hasa, badala ya kutegemea saa ya mfumo iliyohesabu kwa milisekunde. Kwa kawaida haikuwekewa kizuizi, kwa kuwa ilionekana kwamba kujua saa si kujua siri ya mtu.

Walikuwapo waliojua vinginevyo. Mwaka 1973 Butler Lampson aliandika kwamba programu iliyokatazwa kabisa kuwasiliana na nje bado inaweza kupitisha ujumbe kwa namna inavyoitumia mashine, ikizidisha kazi kwa muda na kupunguza kwa muda, ili jirani yake aone mwendo wa mashine ukibadilika na kuusoma kama ngoma. Mwaka 1996 Paul Kocher alionyesha kwamba hata programu isiyokusudia kusema chochote husema. Usimbaji fiche, yaani ufundi wa kugeuza ujumbe usomwe na mwenye ufunguo peke yake, hufanywa katika njia kadhaa kwa kupitia biti za ufunguo moja baada ya nyingine. Biti ikiwa 1 prosesa huzidisha mara moja zaidi, na ikiwa 0 haizidishi. Mtu anayepima muda wa kazi hiyo mara nyingi, kwa ujumbe mbalimbali, anaweza kuurudisha ufunguo wote bila kuugusa, kama vile mtu aliyesimama nje ya karakana anavyoweza kuhesabu misumari kwa kusikiliza nyundo.

Ili kuelewa jinsi jambo hilo lilivyokuja kumhusu kila mtu, ni lazima kuieleza kache, yaani kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyopachikwa karibu kabisa na prosesa. Maurice Wilkes wa Cambridge aliieleza dhana yake mwaka 1965, na IBM ikaitia katika System/360 Model 85 mwaka 1968. Kazi yake inafanana na ya kaunta ya duka. Muuza duka ana stoo kubwa nyuma, lakini kutembea hadi huko huchukua muda, kwa hiyo bidhaa aliyoulizwa hivi punde huiacha kaunta akitarajia kuulizwa tena. Katika prosesa za kisasa kitu kilichopo kaunta hupatikana kwa mapigo manne au matano hivi ya saa, na kile kilichopo stoo kwa mapigo mia mbili au zaidi. Vipimo vya kasi vimeisifia kache kwa haki, kwa kuwa bila hiyo prosesa ingekaa bure ikingoja. Lakini mteja wa pili anayefika dukani, akaomba chumvi na kuipata papo hapo, ilhali sukari na majani ya chai vimefuatwa stoo, anajua bila kuambiwa kwamba mteja aliyemtangulia alinunua chumvi. Anachohitaji ni saa tu. Kufikia mwaka 2005, watafiti kama Daniel Bernstein, Colin Percival na kundi la Dag Arne Osvik, Adi Shamir na Eran Tromer walikuwa wamethibitisha kwamba funguo za siri zinaweza kuchukuliwa kwa kupima muda wa kache, hata kutoka programu moja hadi nyingine ndani ya mashine moja.

Kulikuwa na mbinu ya pili ya kuongeza kasi. Kuanzia Pentium Pro ya mwaka 1995, prosesa za Intel za kompyuta za mezani zilianza kufanya kazi kwa kukisia: zinapofika njia panda ya programu hazingoji kujua ni njia ipi itakayochukuliwa, bali hubashiri, huendelea mbele, na zikigundua kwamba zimekosea hutupa matokeo na kurudi. Dukani, ni sawa na muuza duka anayeanza kufuata bidhaa stoo kabla ya kuhakikisha kama mteja anaruhusiwa kuuziwa. Ruhusa ikikosekana bidhaa haiuzwi, na daftari la mauzo halionyeshi lolote. Lakini bidhaa tayari imefika kaunta, na hairudishwi.

Hapo ndipo ulipojitokeza udhaifu uliopewa jina la Meltdown. Kumbukumbu ya kompyuta ina sehemu ya kiini cha mfumo endeshi, ambamo hupita nywila na data za programu zote, na programu ya kawaida hairuhusiwi kuisoma. Mshambuliaji huiomba prosesa isome baiti moja kutoka sehemu hiyo, kisha iitumie thamani yake, ambayo ni kati ya 0 na 255, kama namba ya chumba katika safu ya vyumba 256 vya kumbukumbu ya mshambuliaji mwenyewe. Prosesa hufanya yote mawili kwa haraka kabla ukaguzi wa ruhusa haujakamilika. Ukaguzi unaposema hapana, hufuta kila kitu isipokuwa athari iliyobaki katika kache. Mshambuliaji hupitia vyumba vyote 256 akiwa na saa mkononi, na chumba kimoja hujibu haraka kuliko vingine. Kikiwa ni cha 115, baiti ya siri ni 115, ambayo katika mpangilio wa kawaida wa herufi ni "s". Kisha huendelea na baiti inayofuata. Spectre, ndugu wa udhaifu huo, ilimdanganya mbashiri mwenyewe, ikiizoesha prosesa kukisia vibaya ndani ya programu ya mwingine ili iguse siri zake.

Jann Horn wa Google aliwaarifu watengenezaji mwezi Juni 2017. Paul Kocher yuleyule, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz nchini Austria na wengine, walifika mahali palepale kwa njia zao, na habari ikatangazwa rasmi tarehe 3 Januari 2018. Meltdown iligusa karibu kila prosesa ya Intel ya miaka zaidi ya 20, na Spectre iligusa pia za AMD na za ARM zilizomo katika simu. Inafaa kusisitiza kwamba hapakuwa na kosa la hesabu, kama lile la Pentium la mwaka 1994 lililogawanya namba vibaya. Prosesa zilifanya sawasawa kile zilichobuniwa kufanya na kile zilichosifiwa kwacho.

Hatua moja ya kujihami inaonyesha wazi kiini cha jambo lote. Watengenezaji wa vivinjari, yaani programu za kufungulia kurasa za intaneti, waliona kwamba ukurasa wowote ungeweza kuendesha shambulio ukipewa saa nzuri, kwa hiyo wakaitia saa ukungu: Firefox, iliyokuwa ikiziruhusu kurasa kupima muda kwa usahihi wa mikrosekunde 5, ilishusha usahihi huo mara moja hadi mikrosekunde 20. Kizazi kizima cha wahandisi kilikuwa kimetafuta saa kali zaidi ili kuhukumu kasi kwa haki. Sasa wahandisi hao walilazimika kuifanya saa iwe butu ili watu wabaki na siri zao.

Njia nyingine ilikuwa kuiachia sehemu ya kasi yenyewe. Viraka vya programu vilitenga ramani ya kumbukumbu ya kiini na ile ya programu za kawaida, na kila mara mashine ilipovuka mpaka huo ililipa muda. Mwaka 2019, baada ya udhaifu mwingine wa jamii hiyo, Apple ilieleza kwamba kinga kamili ingeweza kupunguza utendaji kwa hadi asilimia 40, na Agosti 2023 Intel ilikiri kwamba kinga dhidi ya udhaifu uliopewa jina la Downfall ingeweza kugharimu hadi asilimia 50 katika baadhi ya kazi. Sehemu ya kasi iliyouzwa kwa miaka mingi ilikuwa, kwa hiyo, mkopo uliochukuliwa kwa dhamana ya faragha ya watumiaji ambao hawakuulizwa.

Deni hilo halikugawanywa sawa. Mwezi huohuo wa Januari 2018 Microsoft ilieleza kwamba watakaouona upungufu zaidi ni wenye prosesa za zamani, za mwaka 2015 na kurudi nyuma, hasa wanaotumia Windows 7 na 8. Mashine za namna hiyo ndizo zilizojaa katika maduka ya kompyuta za mtumba ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambako swali la mnunuzi huwa ni Core i ngapi na RAM ngapi, na ni nadra kuuliza kama mashine bado inapokea viraka vya usalama. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde kwa hatua zinazofaa za kiufundi. Zahanati au chama cha kuweka na kukopa kinachohifadhi taarifa za wanachama katika kompyuta isiyo na viraka kiko mbali na kutimiza wajibu huo, hata kama mashine ni ya kasi na imenunuliwa kwa bei nzuri.

Kanuni ya zamani ya SPEC, ile ya kulazimisha maelezo kamili ya mashine, ndiyo iliyotoa nafasi ya kuliandika deni hilo. Katika karatasi za matokeo ya seti ya mwaka 2017, chini ya alama za kasi na orodha ya mipangilio ya kompaila, yaliongezwa maelezo mafupi ambamo mwenye kupima hutamka, kwa ndiyo au hapana, kama mashine ilipopimwa ilikuwa imekingwa dhidi ya Meltdown, dhidi ya namna ya kwanza ya Spectre, na dhidi ya namna ya pili.